Saa nane za ziada kwa juma: mwalimu wa hisabati azipeleke kwa nani?

#1 Kalamu Nyekundu

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha hisabati katika sekondari ya kata ya kutwa mkoani Singida, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini. Nina mikondo miwili ya kidato cha pili yenye jumla ya wanafunzi 138, na mkondo mmoja wa kidato cha nne wenye wanafunzi 61. Nikiondoa vipindi, zamu, vikao na safari ya kurudi nyumbani, ninaona kwamba nguvu zinazonibakia kwa ajili ya kazi hii hazizidi saa nane kwa juma. Baada ya hapo huwa nipo tu shuleni, lakini sifundishi kitu kinachoeleweka.

Muhula uliopita saa hizo zote nilizipeleka kwa wanafunzi 14 wa kidato cha nne waliokuwa wakipata kati ya alama 20 na 29, kwa kuwa D huanzia 30. Nilibandika majina yao nyuma ya mlango wa darasa, nikawa ninabaki nao Jumatatu na Jumatano jioni, tukirudia seti, takwimu na hesabu za biashara, yaani zile mada ambazo mwanafunzi anaweza kuokota alama bila kuwa na msingi mkubwa. Katika mtihani wa utimilifu wa mkoa, tisa kati yao walivuka 30, na mkuu wa shule alinipongeza mbele ya wenzangu.

Siku hiyohiyo nilipokuwa nikipanga madaftari, niligundua kwamba binti mmoja aliyepata alama 6 alikuwa hajaleta daftari lake kwa majuma matatu, nami sikuwa nimeona. Nilipomwuliza sababu hakujitetea. Alisema, "Mwalimu, mimi kwenye ile orodha simo."

Ninauliza wenye uzoefu: hizo saa nane zinastahili kwenda wapi? Ni kwa wale wa 20 hadi 29, ni kwa wale wa chini kabisa, ni kwenye kusahihisha madaftari, au ni kwenye kujisomea mimi mwenyewe ili kipindi cha kawaida kiwe bora kwa wote?

#2 Dawati la Nyuma

Kichwa cha uzi kimenichanganya, mkuu. Nilidhani ni saa nane mchana, nikajiandaa kuchangia kuhusu usingizi wa baada ya ugali. Ninafuatilia.

#3 Jabali la Kati

Mwalimu, hukukosea hata kidogo, na usiruhusu sentensi moja ya mtoto ikuondolee usingizi. Katika kikao cha tathmini cha wilaya hakuna anayeulizwa ni wanafunzi wangapi walipanda kutoka alama 6 hadi 18. Swali ni sifuri zako ni ngapi. Kwenye karatasi ya matokeo F ya 6 na F ya 18 ni herufi moja. Mwenye nguvu chache huzipeleka mahali ambapo jitihada ndogo hubadilisha herufi, na kundi lako la 14 ndilo hasa mahali hapo. Hao wengine walipaswa kushughulikiwa kidato cha kwanza.

#4 Bi Shajara

Walipaswa kushughulikiwa kidato cha kwanza na nani, ndugu Jabali? Mimi ninafundisha hicho kidato cha kwanza, na ninaambiwa walipaswa kushughulikiwa darasa la nne. Mwenzangu wa darasa la nne naye anamtazama wa darasa la pili.

Kaka Kalamu, maoni yangu ni kwamba utafute shimo liliko, hata kama wameshafika kidato cha nne. Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu karatasi ya maswali 20 ya kuzidisha, kugawanya na sehemu, nikidhani ni kupasha tu misuli. Zaidi ya nusu walikwama kwenye saba mara nane. Walikuwa wakichora vijiti pembeni ya karatasi, safu saba za vijiti nane, kisha wanavihesabu kimoja kimoja. Mtoto wa namna hiyo ukimfundisha milinganyo anakufuata vizuri hadi anapofika kwenye 56, na hapo ndipo anapoachana nawe. Nilianzisha dakika 15 kila asubuhi kabla ya paredi, za jedwali tupu. Hazikunigharimu maandalizi yoyote, na baada ya miezi miwili vijiti vilikuwa vimepungua sana.

#5 Kikokotoo

Naomba kurekebisha jambo moja kwa heshima, kwa sababu hoja ya #3 inasimama juu ya hesabu ambayo haijapigwa. Daraja la kidato cha nne hupangwa kwa masomo saba bora. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la nne huishia pointi 33, na sifuri ni 34 na 35. Maana yake ni kwamba mwenye F tano na D mbili ana 33 na ametoka kwenye sifuri, kadhalika mwenye C moja na F sita. Mwenye D moja tu ana 34 na bado yumo.

Kwa hiyo D ya hisabati humtoa kwenye sifuri mwanafunzi yule tu ambaye tayari ana D moja kwingine na hana C yoyote. Mwenye D tatu za Kiswahili, historia na uraia hakuwa kwenye sifuri tangu mwanzo. Ukimpa D ya hisabati pointi zake zitapungua kwa moja, basi. Mkuu, chukua majina yako 14 uyapitishe kwenye hesabu hiyo kabla ya kusema umeokoa sifuri tisa.

#6 Kalamu Nyekundu

Asante, Kikokotoo. Nimekaa na jedwali la matokeo jioni hii. Kati ya wale 14, ambao D ya hisabati ingewatoa kwenye sifuri ni watatu. Kati ya watatu hao, aliyevuka 30 ni mmoja. Nimelitazama jedwali mara mbili.

#7 Jabali la Kati

Hesabu ya #5 ni sahihi na ninaikubali. Hata hivyo ufaulu wa somo nao hupimwa peke yake, na kila mtu anajua kwamba hisabati ndiyo inayoburuta mkia mwaka baada ya mwaka nchi nzima. Mwalimu wa hisabati hupimwa kwa somo lake, hapimwi kwa madaraja ya shule.

#8 Bi Shajara

Na kupimana huko kumeanza kupungua nguvu. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora.

#9 Dawati la Nyuma

Baraza limeacha, dada, lakini wilaya yetu haijapata taarifa. Tunapangwa wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho anaketi mbele.

#10 Mwalimu wa Busia

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Jambo hili limewahi kupimwa hapa kwetu magharibi mwa Kenya, ijapokuwa ilikuwa katika shule za msingi. Mwaka 2005 shule 121 zilipewa mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika nusu ya shule watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, na katika nusu nyingine waligawanywa kwa kiwango walichokuwa nacho. Baada ya takriban mwaka mmoja na nusu, shule zilizogawanya kwa kiwango zilikuwa mbele, na waliofaidika walikuwa wa juu na wa chini pia. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mwalimu aliyekuwa na kundi lenye kiwango kimoja aliweza kushusha au kupandisha somo lake likawafikia.

Uchunguzi mwingine wa huku ulihusu vitabu. Shule zilipopewa vitabu vya kiada, waliopanda walikuwa wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali. Wengi wa waliobaki hawakuweza kukisoma kitabu chenyewe, kwa kuwa kiliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwao ni lugha ya tatu. Ninataja hili kwa sababu mwenzetu anauliza nguvu ziende kwa nani, ilhali mtaala ulikwisha kumchagulia. Umeandikwa kwa ajili ya mtoto wa mbele, na ukifundisha tu "kama kawaida" utakuwa umempelekea yeye saa zako zote, bila orodha yoyote ukutani.

Nguvu nyingine huku kwetu huliwa na kujaza TPAD, ile tathmini ya utendaji wa walimu, lakini hilo lina uzi wake.

#11 Dawati la Nyuma

Ndugu wa Busia, huko walipewa mwalimu wa ziada. Kalamu ana wanafunzi 69 kwa mkondo na yuko peke yake. Akiwagawa kwa kiwango, kundi la pili alipeleke wapi, chini ya mwembe?

#12 Bi Shajara

Mwembe ni mzuri kuanzia saa nne hadi saa sita, baada ya hapo kivuli kinahamia kwenye uzio. Ninasema kwa uzoefu.

#13 Mwana wa Unguja

Assalaam alaykum. Hapa skuli nyingi zimezoea mikondo ya asubuhi na jioni, kwa hivyo habari ya kubaki na wanafunzi baada ya vipindi sisi hatunayo. Kengele ikilia, wenzetu wa jioni wapo mlangoni wanasubiri chumba. Kwa sababu hiyo nimelazimika kutafuta muda ndani ya kazi niliyokwisha kuifanya, na niliupata kwenye kusahihisha.

Tufanye hesabu ya mwenye uzi. Wanafunzi 138 na 61 ni madaftari 199. Ukitumia dakika mbili kwa kila daftari ni dakika 398, yaani zaidi ya saa sita na nusu kwa zoezi moja tu. Saa zako nane zimekwisha na hujamfundisha mtu, umetia alama za vema na mkasi. Mimi sasa wanafunzi wanabadilishana madaftari na tunasahihisha pamoja ubaoni, mstari kwa mstari. Nami kila siku ninachukua madaftari 12 kutoka safu moja, na sitafuti alama. Ninatafuta kosa lililojirudia. Likijirudia mara tano, kesho ndilo ninaloanza nalo. Safu zikizunguka, hakuna mtoto atakayekaa majuma matatu bila daftari lake kupita mkononi mwangu.

#14 Jabali la Kati

Mdhibiti ubora wa shule akija akakuta daftari halina wino mwekundu, utamwonesha safu?

#15 Mwana wa Unguja

Nitamwonesha wino wa kijani, ambao wanafunzi wenyewe hutumia. Alishakuja. Aliuliza, nikaeleza, akaandika kwenye kitabu chake, nami sikuonyeshwa alichoandika.

#16 Mguu Barabarani

Wote mnazungumza kana kwamba hizo saa nane ni za mwalimu. Mimi ni mwalimu wa taaluma, na ninawaambia kwamba saa hizo zina wenyewe. Kuna kujaza PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, uliochukua nafasi ya OPRAS. Kuna kundi la wasapu la kata, ambalo saa nne asubuhi hutoa ujumbe kwamba idadi ya madawati mabovu, matundu ya vyoo na wanafunzi wasio na sare iwe imefika kabla ya saa saba mchana, takwimu zilezile tulizotuma mwezi uliotangulia. Nimewahi kusimama juu ya tanki la maji la shule nikitafuta mtandao ili nitume idadi ya madawati, huku kidato cha tatu wakinitazama dirishani na kipindi changu kikiisha.

#17 Kikokotoo

Tusiuonee mfumo. Kuweka maendeleo ya kazi kwenye PEPMIS hakumalizi nusu saa kwa juma kwa aliyezoea. Tatizo ni hilo la pili, la takwimu za ghafla, na hilo halitokani na mfumo wowote. Linatokana na watu kutohifadhi takwimu walizokwisha kutumiwa. Ninatamani kuiona picha ya hilo tanki.

#18 Kuku wa Mayai

Nitasema ambalo wengine wanalikwepa. Mimi saa zangu nane ziko bandani. Nina kuku wa mayai 200, na kila jioni saa kumi na moja niko huko. Nafundisha vipindi vyangu vyote, sikosi, siingii darasani bila andalio, lakini kengele ya mwisho ikilia kazi ya serikali imekwisha. Nilipokuwa nikibaki hadi magharibi, nilikuwa na madeni matatu na hasira, na hasira hiyo ilikuwa inawaangukia haohao watoto mnaowahurumia. Tangu nianze kufuga sijachapa mtu.

#19 Bi Shajara

Hilo la mwisho ungeanza nalo, kaka, tungekuelewa mapema.

#20 Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nilistaafu nikiwa na miaka 60 kamili, na nilianza kufundisha enzi ambazo kila shule ilikuwa na shamba. Kwa hiyo swali la nguvu zinazobaki baada ya kazi tulilijua tukiwa na majembe mikononi. Nitatoa kisa kimoja, kwa sababu naona wote mnagawana wanafunzi na hakuna aliyewataja walimu.

Tulikuwa wawili tunaofundisha hisabati, mimi na mwenzangu ambaye hatukuwa na mazoea. Kila mmoja aliandaa masomo yote ya vidato vyake peke yake, usiku, kwa taa ya chemli. Mwaka mmoja aliugua nikalazimika kutumia maandalio yake, nikakuta namna yake ya kufundisha sehemu ilikuwa bora kuliko yangu kwa mbali: alikuwa anakata mkate wa kweli. Alipopona tukakubaliana kwamba yeye ataandaa mada hizi na mimi zile, kisha tunabadilishana na kuketi Ijumaa nusu saa kuambiana kilichokwama. Nusu ya kazi ya usiku iliondoka kwa wote wawili. Naambiwa siku hizi hilo linaitwa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, na lina muda wake kwenye ratiba ya shule. Kama kwako lipo kwa jina tu, Kalamu, basi ndipo ningeanzia.

#21 Mguu Barabarani

Shikamoo mwalimu. Kwetu lipo kwa jina na kwa picha. Tunaketi, tunapigwa picha, picha inatumwa kwenye lile kundi, tunatawanyika.

#22 Dawati la Nyuma

Mzee, na huo mkate uliliwa na nani baada ya kipindi?

#23 Mstaafu

Marahaba. Uliliwa na waliopata. Mahudhurio ya siku ya sehemu hayakuwahi kushuka.

#24 Nusu Kipenyo

Nimechelewa kufika, lakini nimesoma zote. Ndugu wa Busia ametaja majaribio ya Kenya. Naomba niongeze ya kwetu, kwa sababu yanagusa ile orodha ya mlangoni moja kwa moja.

Mwaka 2013 na 2014 kulifanyika jaribio katika shule za msingi 350 hapa Tanzania. Shule nyingine zilipewa ruzuku, nyingine walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu, nyingine zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuongeza ujifunzaji. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Vilipokutana, watoto walipanda waziwazi. Kwa hiyo anayesema mwalimu akiongezewa fedha tatizo limekwisha, na anayesema vitabu vikifika tatizo limekwisha, wote wawili wana nusu.

Baadaye likafanyika jaribio jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike. Walilinganisha namna mbili za kumlipa mwalimu. Moja ilikuwa ya kitaalamu sana, kila mtoto analinganishwa na wenzake walioanza naye kiwango kimoja, ili asiwepo wa kupuuzwa. Nyingine ilikuwa ya ngazi rahisi: herufi, maneno, sentensi, aya, na kila ngazi mtoto anayoivuka ina malipo yake. Ile rahisi haikushindwa na ile ya kitaalamu. Mahali pengine iliipita. Tafsiri yangu mwenyewe ni kwamba ngazi zilikuwa nyingi, hivyo hata mtoto wa chini kabisa alikuwa na ngazi iliyo karibu naye, na mwalimu aliweza kuiona kwa macho. Kalamu, nionavyo mimi, orodha yako haikuwa na kosa la kuwepo ukutani. Ilikuwa na ngazi moja tu, ya 30, na binti yule kutoka 6 asingeifikia kwa mguu wake.

#25 Jabali la Kati

Hapo umesema vizuri, ingawa jaribio ni la kusoma na kuhesabu kwa watoto wadogo, na sisi tunazungumza kuhusu kidato cha nne kilichobakiwa na miezi mitatu. Bado ninasema wenye 25 waongozwe kwanza.

#26 Bi Shajara

Na mwakani? Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unapanda kidato kwa kidato, nao utafika kidato cha nne. Tena kuna jambo ambalo wengi hawajalipigia hesabu: waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wa 2024 wanamaliza shule ya msingi kwa mtaala mpya, darasa la sita, mwaka 2027, na waliokuwa la nne wanamaliza kwa mtaala wa zamani, la saba, mwaka huohuo. Januari 2028 tunapokea rika mbili kwa mkupuo. Kaka Kalamu atakumbuka mikondo yake ya 69 kama mapumziko. Ndiyo maana mimi ninamwambia saa zake nyingi azipeleke kwenye kusoma muhtasari mpya na kutengeneza vitu vinavyotumika tena na tena, si kwenye vipindi vya jioni vinavyokwisha vikikwisha.

#27 Kuku wa Mayai

Januari 2028 nitakuwa na kuku 500.

#28 Kalamu Nyekundu

Samahani kwa kimya cha majuma mawili. Nimejaribu kuchanganya mawili matatu niliyoyapata hapa, na nitaeleza yalivyokwenda bila kuyapamba.

Orodha nimeibandua. Nimekata maboksi ya chaki nikapata kadi 61 kwa ajili ya kidato cha nne, kila kadi ina jina na kitu kimoja tu ambacho mwenye nayo hajakiweza, kilichopatikana kwa karatasi kama ile ya Bi Shajara. Akikiweza, ninaandika tarehe na kinachofuata. Kusahihisha nimeiga Unguja, madaftari 12 kwa siku. Mwenzangu wa kidato cha kwanza na cha tatu amekubali kubadilishana maandalio, ila nusu saa ya Ijumaa tumeipata mara moja tu kati ya mbili.

Gharama yake ni hii. Jumatano jioni sasa ni ya yeyote aliyekwama kwenye kadi, na wanafika kati ya 20 na 35. Wale wa 20 hadi 29 wamelalamika kwamba siwamalizi tena. Watatu wao walikwenda kwa mkuu wa shule, naye ameniita na kuniuliza iko wapi orodha ya watakaovuka, kwa sababu wilaya inaitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemwandikia majina, nimempa. Sijayabandika.

#29 Jabali la Kati

Nilijua wataitaka.

#30 Bi Shajara

Na yule binti? Kadi yake ina nini?

#31 Kalamu Nyekundu

Kujumlisha sehemu. Moja ya nne na moja ya tatu. Daftari lilirudi Alhamisi likiwa na jalada jipya la gazeti, na ndani ameandika jibu ni mbili ya saba. Kesho ninapitia dukani kununua mkate.